Maji ya Kuoshea Sura ya Bibi

Mjukuu wangu Agnesi amejiunga na kundi la wapiga picha shuleni kwao, na tangu ajiunge, jikoni kwangu hakukaliki. Sufuria yangu ya uji imegeuzwa beseni la dawa, dirisha limezibwa kwa blanketi. Juzi nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya siki iliyochanganyika na kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nilisimama pale kizingitini, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, nikiwa na miaka tisa.

Agnesi akanieleza kwa majivuno kwamba mwalimu wao amewafundisha mambo matatu ya msingi: mwanga, muda, na kutulia. Nikamwambia mwalimu wenu anajua kazi yake, ila la nne amelisahau. Akacheka, akadhani ni utani wa bibi na mjukuu. Nyinyi wa rika langu, mnaokumbuka bendera ya Mdachi na kiboko cha askari wake, labda mtanisikiliza kuliko yeye. La nne ni maji. Nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyeliharibu.

Kwetu ni juu, upande wa Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana mbali chini. Udongo wetu hauna ubishi na mihogo wala mtama, lakini mvua ikinyesha unaimeza yote na kesho yake hujui kama ilinyesha. Maji yako bondeni. Mama zetu walishuka alfajiri, wakarudi jua likiwa utosini, mtungi kichwani na magoti yakitetemeka. Kwa hiyo sisi watoto wa juu tulifundishwa heshima ya maji kabla ya heshima ya watu. Maji yaliyooshea mboga yalinawisha miguu, na yaliyonawisha miguu walipewa kuku. Mtoto aliyemwaga maji safi chini alichapwa, na hata bibi yake hakuja kumwokoa.

Wakati huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini bado watu walizungumza kwa sauti ndogo. Baba yangu, Mmakua wa upande wa Lupaso, aliyapokea yale maji ya dawa. Alinyunyiziwa kifuani, akanywa mafunda mawili, akaondoka na mkuki wake akiamini risasi za Wadachi zitayeyuka. Hakurudi. Nilisikia wakubwa wakisema alivuka mto Lukuledi njiani na dawa ikamtoka mwilini. Mimi nililishika hilo kama kweli tupu. Sikulia sana, kwa kuwa nilikuwa bado namsubiri. Kilichonitisha ni kwamba sura yake ilianza kunitoka. Kwanza yalipotea macho, kisha mdomo, mpaka nikabaki na mgongo wake tu ukiinama shambani. Nilikuwa nafumba macho na kumwita ageuke, na hakugeuka hata siku moja.

Basi ndipo akaja Mjomba Danieli na sanduku lake.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye nyumba hata kama analala mbali. Alibatizwa angali kijana na akawa mwalimu katika misheni ya Masasi, ile iliyochomwa moto vitani. Waliomchomea shule yake walikuwa wamekunywa maji yaleyale aliyokunywa baba yangu, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo. Mjomba alikula ugali wetu na kunibeba mabegani.

Sanduku lilikuwa kamera. Padri mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao Ulaya, pamoja na chupa za dawa na vioo vilivyopakwa dawa kwa ajili ya picha. Vita vilipokaribia Masasi, Mjomba alilifukia katika kihenge cha mtama cha jirani mmoja huko Lisekese, akakimbia na roho yake. Aliporudi, mtama ulikuwa umeliwa, lakini sanduku lilikuwapo, na panya walikuwa wamezalia ndani ya mkunjo wake wa ngozi, ule unaofanana na mvukuto wa mhunzi. Vioo vyote vilikuwa vimevunjika au vimeingiwa na mwanga. Kilibaki kimoja.

Alikuja na hicho kimoja kumpiga picha Bibi, mama yake. Padri mpya alikuwa anampeleka Unguja kusomea ushemasi, na alijua hatarudi kwa miaka mingi. Bibi alikuwa anaumwa homa isiyokoma, amekonda, mifupa ya mabega imechomoza. Hakuna aliyesema kwamba hatamkuta, lakini kila mtu alilijua hilo, na Bibi kuliko wote.

Bibi alikataa. Hakukataa kwa kuogopa sanduku. Bibi yangu hakuwa mtu wa kuogopa masanduku. Alikataa aliposikia kwamba kazi hiyo inahitaji mitungi miwili ya maji.

"Mitungi miwili kwa uso mmoja? Na huu uso wenyewe sijaunawa tangu juzi."

Mama alimaliza ubishi kwa kushuka bondeni siku mbili mfululizo, mtungi mmoja kila safari, bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku ya pili alirudi kidole gumba cha mguu kimepasuka, akautua mtungi kando ya ule wa kwanza kwenye kona ya nyumba, akaifunika kwa vibuyu na kusema maji ndiyo haya, asiyetaka ayarudishe mwenyewe bondeni.

Asubuhi ya siku ya kupiga picha nilimganda Mjomba kama kupe. Nilitaka kujua kila kitu, na yeye alikuwa mwalimu, hakujua kumnyima mtu jibu. Alisimamisha sanduku juu ya miguu yake mitatu uani, akaniingiza chini ya kitambaa cheusi. Nyuma ya sanduku palikuwa na kioo chenye ukungu, na ndani ya ule ukungu nikamwona Bibi, mdogo kama kiganja changu, ameketi kichwa chini miguu juu, na kuku wetu wakitembea angani. Nilitoka mbio kwenda kumtazama kama ni mzima. Alikuwa mzima, akaniuliza kama mimi, mke mwenzake kwa utani, nimewehuka.

Mjomba alicheka, akanieleza kwamba jicho la sanduku lina tundu, na mwanga unaotoka kwenye paji la uso unashuka ukipita tunduni, na ule unaotoka miguuni unapanda, ndiyo maana vinabadilishana nafasi. Akavuta mkunjo mbele na nyuma mpaka ndonya ya Bibi, lile pambo linalochomekwa kwenye mdomo wa juu, ikawa na ukingo mkali. Mwanzoni Bibi hakuwa ameivaa ndonya yake, mdomo ulikuwa unamuuma kwa homa. Lakini aliposikia picha itakwenda Unguja mbele ya wageni, aliagiza iletwe ile kubwa ya mpingo, akajivika mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Mama akamfunga kaniki safi.

Kisha Mjomba akanionyesha visahani vya bati, kila kimoja na tundu la ukubwa wake, vya kuingizwa kwenye jicho la sanduku. Nikauliza kwa nini kisitumike kile chenye tundu kubwa siku zote, mwanga uingie kwa wingi. Aliangalia huku na huku, akaona ile mitungi.

"Mwanga ni kama maji, mpwa wangu. Mtungi wa mdomo mpana unajaa upesi lakini unaingiza na takataka. Mdomo mwembamba unajaa polepole, maji masafi. Kioo changu ni mtungi. Kisipojaa hakina sura, kikifurika hakina sura pia."

Jibu lile nililielewa mwili mzima. Mtoto wa Newala haulizwi mara mbili kuhusu kujaza mtungi. Aliingiza kisahani cha tundu dogo, ili sura itokee safi, na kwa hiyo ilibidi tundu lifunguliwe kwa muda wa kuhesabu hadi nane, na Bibi asitikisike.

"Binadamu anayetulia hivyo ni maiti tu," Bibi akasema. "Basi nitajizoeza."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Alikuwa na kikohozi. Kila mtu aliwaza kuhusu kikohozi hicho. Mjomba alimsubiri akohoe mpaka akamaliza, akatoa kifuniko cha jicho, na mimi nikahesabu kwa sauti kama nilivyoagizwa. Nilipofika tano nikaona koo la Bibi linapanda na kushuka, mishipa ya shingo imesimama. Kuku mwekundu naye alichagua wakati huohuo kupita mbele yake bila haraka yoyote. Sita, saba, nane. Kifuniko kikarudi, na Bibi akakohoa mpaka Mama akamshika mabega. Alipopata pumzi aliomba maji.

Mjomba alikuwa tayari anakimbilia ndani na kile kioo chake kimoja cha dawa, kwenye kisanduku chembamba alichokichomoa nyuma ya kamera. Alimjibu akiwa mlangoni.

"Subiri kidogo, Mama. Kioo kwanza, kisije kikaharibika."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Nalikumbuka lile neno kwa sababu ya jambo lililokuja baadaye, si kwa sababu nililijali siku ile. Siku ile nilijali kioo tu.

Chumba cha ndani kilikuwa kimezibwa kwa mikeka na majani mpaka mchana ukawa giza totoro, na mwanga pekee ulikuwa mshumaa uliofunikwa kitambaa chekundu. Mjomba alitia kioo kwenye bakuli la dawa akawa analitikisa. Kioo kilikuwa cheupe kitupu. Halafu doa likatokea, kisha jingine, na pasipokuwa na kitu pakawa na mtu. Sijawahi tena kuona jambo lililonishika roho namna ile, na nimezaa watoto sita.

Alikihamishia kwenye dawa ya pili, ile yenye harufu ya kiberiti, akasema hiyo ndiyo inayoizuia sura isikimbie. Baada ya muda akaondoa mkeka mmoja na kukiinua kioo mwangani. Nikapiga kelele ndogo. Uso wa Bibi ulikuwa mweupe kama umepakwa unga, ndonya nyeupe, kaniki nyeupe. Lakini nywele, zile nywele zake zilizokuwa pamba tupu, zilikuwa nyeusi tii kama zangu.

Mjomba alieleza kwamba kwenye kioo mambo yote hugeuka, cheupe kikawa cheusi na cheusi kikawa cheupe, na kwamba huko Unguja ataweka karatasi chini ya kioo juani na kila kitu kitarudi mahali pake. Nilimsikia. Ila mtoto husikia anachotaka, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu dawa iliyomrudishia Bibi nywele za ujana.

Akaniambia kilichobaki ni kuosha. Dawa ile ya pili haina budi kutoka yote kwenye kioo. Maji yamwagwe juu yake, yasimame kidogo, yabadilishwe, mara sita, kila mara maji mapya. Alikuwa ameanza mara ya kwanza mwenyewe alipobishiwa hodi. Mjumbe wa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa amefika na barua ya bomani kwa Wadachi, na hakuna mwingine wa kuisoma. Wito wa namna hiyo miaka ile haukuwa wa kusema ngoja kwanza. Mjomba akafuta mikono, akaniangalia, akaona hana mwingine. Mama alikuwa amelala barazani, mguu umefungwa kitambaa.

"Mara tano zimebaki. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Nikabaki na kioo, mabakuli mawili, mitungi miwili na akili yangu.

Nilikimiminia maji mapya, nikasubiri. Kisha nikainua bakuli nikamwage, na mkono ukakataa. Maji yale yalikuwa meupe, masafi, hayakuwa na hata chembe ya vumbi. Mama yangu alikuwa amepasua kidole kwa ajili yake. Na zaidi ya hapo, yalikuwa sasa na dawa ndani yake, ile iliyokuwa imetoka kwenye kioo, na mimi nilijua linalompata mtu ambaye dawa imemtoka. Baba yangu alivuka mto. Leo naambiwa nimvushe Bibi mito mitano, mmoja baada ya mwingine, mpaka dawa yote iishe.

Sikukaidi. Hili nataka lieleweke, kwa kuwa nimelifikiria maisha yangu yote. Niliambiwa nibadilishe maji mara tano na nilibadilisha mara tano. Niliyahamisha kutoka bakuli hili kwenda bakuli lile, na kutoka lile kurudi hili, nikihesabu kwa sauti. Maji yaleyale.

Nilikuwa kwenye mara ya tatu Bibi aliponiita kutoka chumba cha pili. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. Akauliza kama wamemaliza na kioo chao. Nikasema bado, ila maji yapo. Akasema basi kama yapo, nimletee.

Nilichota kata moja kutoka kwenye mtungi uliojaa, nikampelekea. Aliivua ndonya, akanywa yote bila kupumua. Nikaleta ya pili. Ya tatu akaniambia nimmwagie kidogo kichwani, nikamwagia, na yakashuka shingoni mpaka kifuani, na wala hakunikemea kwamba yanapotea ardhini. Bibi yangu, ambaye alijua idadi ya matone katika nyumba hiyo, aliketi na maji yakimchuruzika mgongoni akiwa amefumba macho. Nilimletea kata baada ya kata. Nilipokwenda mara ya mwisho mtungi ulikuwa umefika nusu.

"Yana baridi ya bondeni," alisema. "Nilidhani sitashuka tena kule."

Mjomba aliporudi aliuliza kama nimebadilisha mara zote. Nikasema ndiyo, Mjomba. Akatazama mitungi, akaona imepungua, akaridhika. Jioni alikifunga kioo kwa pamba na gome la mti, na siku ya tatu akaondoka nacho. Bibi alifariki kabla mtama haujavunwa.

Mjomba alirudi baada ya miaka saba, shemasi mwenye kanzu, nywele zimeanza kuwa kijivu. Mimi nilikuwa nimeshachezwa unyago na posa yangu ilikuwa imepokewa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hata hajala alifungua mzigo wake akatoa kile kioo. Alikiinua mlangoni. Kilikuwa cha manjano, na madoa ya hudhurungi yamekienea. Uwanja wetu ulikuwa bado unaonekana, na mfuo wa ukungu mahali alipopita yule kuku. Pale palipokuwa na uso palikuwa na manjano tu. Karatasi aliyoitolea picha kutoka kwenye kioo hicho iliharibiwa na mchwa wa kule pwani. Alisema fundi mmoja wa picha wa Unguja alimwambia kioo hakikuoshwa sawasawa, dawa ilibaki ikakila polepole. Alisema alijilaumu kwa haraka yake, kwamba pengine dawa aliichanganya vibaya.

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapoteza sura moja, ya baba yangu, kwa sababu ya maneno yasiyosemwa nyumbani kwetu, na nilimwona mjomba wangu, mtu mzima, anajitwika mzigo wangu. Nikapiga magoti nikamweleza yote: mabakuli mawili, mto wa Lukuledi, nywele nyeusi.

Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu.

"Na yale maji mengine yalikwenda wapi?"

"Aliyanywa Bibi."

Mjomba alikaa chini, palepale kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Akaniuliza alikunywa kiasi gani, nikamwambia karibu nusu mtungi, na mengine nilimmwagia kichwani. Akauliza alisema nini. Nikamwambia. Alifunika uso kwa viganja vyake na mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikaomba msamaha tena, nikidhani analilia picha.

"Miaka saba," alisema alipoweza kusema. "Kila nikitazama uso wake kwenye kioo hiki nilikuwa namsikia ananiomba maji, nami namwambia asubiri."

Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anayebariki mtoto, akaniachia kile kioo. Ninacho mpaka leo, ndani ya kasha, kati ya vitenge. Hakina sura ya mtu yeyote. Sura ya baba sikuipata tena, lakini ya Bibi nikifumba macho inakuja yote, imelowa, na ndonya mkononi.

Juzi nilimwambia Agnesi aniache niingie humo jikoni. Nikamwonyesha jinsi ya kuosha: mimina, subiri, mwaga, mara sita, na usinihurumie maji, siku hizi bomba liko uani. Aliinua jagi aanze.

Nikamwambia angoje kidogo, anipe kwanza kikombe kimoja ninywe.